Mwalimu wa Simu Aliyenisubiri Nimalize

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni. Leo sigombi. Nataka kuisifu simu, na mimi si mtu wa kusifu vitu ovyo.

Binti yangu alizaa ng'ambo, na mtoto wake anajua Kiingereza tu. Kila Jumapili tukitoka kanisani, tunawapigia simu ya video kutoka hapa mtaani kwetu Mowlem. Nilikuwa naishia kupunga mkono tu. Nikifungua mdomo, nyumba nzima inanitafsiria, na mtoto anawaangalia wao. Siku moja akamuuliza mamake kama shosho, yaani bibi yake, huwa haongei. Liliniuma.

Mjukuu ninayeishi naye, msichana aliyemaliza shule juzi, akaniwekea mwalimu kwenye simu. Ni mashine, si mtu. Unaiambia neno kwa Kiingereza, inakusikia, inakujibu, na ukikosea inakunyooshea sentensi, halafu inangoja urudie. Mimi shule niliiacha mapema, na walimu niliowajua walishika kiboko. Huyu hanuni wala hachoki.

Lakini masomo yakawa magumu ghafla. Nikamwita msichana.

"Simu yako imechizi. Inaniuliza nitaongozaje mkutano wa ofisi, mimi muuza mitumba wa soko la Gikomba!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Shosh, inadhani wewe ni msomi. Si sisi ndio hukujibia?"

Kweli. Hapa kwetu mkubwa haachwi akitafuta neno huku watoto wamenyamaza. Wanaona ni kumkosea heshima. Nikikwama kidogo, huyu anarusha jibu kutoka jikoni, yule kutoka bafuni. Mashine inasikia, inadhani ni mimi, inanipandisha darasa.

"Nirudishe chini," nikasema.

"Chini kabisa, Shosh? Kwa watoto?"

"Huko huko. Mimi naongea na mtoto, si na bosi."

Nikaanza upya, mlango wa chumba nimeufunga, nikikosea kwa mdomo wangu mwenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru yule msichana, na hata hiyo mashine naishukuru.

Jumapili moja mtoto akainua mdoli wake, akauliza kama mimi nilikuwa na wangu. Nikaelewa bila mkalimani! Nikaanza kumweleza kwamba wetu ulikuwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Katikati nikakwama. Mwanangu wa kiume akafungua mdomo anisaidie, nikamwinulia mkono. Mtoto akangoja, macho kwangu. Nikalitafuta neno, nikalipata, nikamaliza. Akacheka, akaniomba nimtengenezee kama huo.

Gunzi nimeshalianika. Simu ilipokatwa, niliwageukia wote waliokuwa sebuleni nikawaambia: "Kuanzia leo, nikiongea na mtoto au na mwalimu wangu, mtu asinijibie. Hata nikikwama mpaka chai ipoe, kaeni kimya mningoje."