Sugu ya Bastola

Wenzangu wakisimulia ujana wao huanza na siku waliyozaliwa, au na jinsi baba yao alivyokuwa hodari. Ujana wangu mimi ulikaa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwenye kiungo cha kwanza, palipoota sugu ngumu yenye ukubwa wa punje ya dengu. Sugu hiyo ndiyo iliyonipatia mume, na niliipata kwa kuwapiga risasi kaa wa angani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa napiga pasi mashuka katika hoteli moja ya watalii pale Malindi. Kazi hiyo mama yangu aliikubali kwa shida, kwa sharti kwamba niingie kwa mlango wa nyuma, nitoke kwa mlango wa nyuma, na hapo katikati nisione kitu. Bahati mbaya yake, chumba cha dobi kilipakana na chumba cha michezo. Humo mlikuwa na meza ya mpira, vishale vya kurusha ukutani, na mashine moja ndefu kama kabati, yenye kioo cha televisheni na bastola ya plastiki iliyofungwa kwa waya mnene ili mtu asiondoke nayo.

Chumvi ya bahari iliiharibu mashine ile kila wiki. Aliyeitengeneza alikuwa fundi umeme wa hoteli, mtu wa bara, mpole, ambaye alizungumza na nyaya kama mtu anayebembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Shida yake ilikuwa moja. Ili ajue kama bastola inafanya kazi, ilibidi mtu mwingine afyatue huku yeye amechungulia nyuma ya kabati. Asubuhi moja, wageni wakiwa bado wamelala, alikuja dobi kuniomba.

"Dada, nisaidie kidogo. Wewe piga tu, usijali unapiga nini."

Nilijali. Nilimwuliza hawa wanaoshuka kwenye kioo ni nini, akanisomea maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa ubavuni mwa mashine. Wewe ni afisa wa jeshi la nyota. Mizinga ya chombo chako imekwisha kuharibiwa yote. Maadui wanashuka, na umebakiwa na bastola yako ya kiunoni peke yake. Maadui wenyewe mtu wa bara aliwaita wadudu. Mimi nilizaliwa kando ya bahari, na kaa namjua nikimwona, hata akiwa na mabawa.

Bastola ile ilikuwa na tabia yake. Ilitoa risasi sita, kisha taa nyekundu ikawaka chini ya kioo, maana yake imepata moto. Hapo ulitakiwa uhesabu mpaka tatu ipoe. Ukifyatua kabla, inajifunga kabisa, na kaa wanateremka wanakula. Tena kifyatulio chake kilikuwa kigumu ajabu, kwa sababu springi yake ilikuwa imeliwa na kutu na fundi akaweka nyingine aliyoitoa kwenye mlango wa wavu wa jikoni.

Mimi na kusubiri hatujawahi kuwa marafiki. Hasira zangu zi karibu, na ulimi wangu uko karibu zaidi. Wiki ya kwanza niliuawa kila asubuhi, huku nimekunja buibui kiunoni na kuwatolea kaa maneno ambayo fundi alijifanya hayasikii. Mwezi wa tatu nikawa jemadari. Sizui, nilijiona hivyo hasa. Nilibeba kapu la mashuka nikikata kona kwa kuegemea ukuta. Nikipita sokoni kwenye ndoo ya kaa, niliwatazama kwa dharau ya mtu aliyewazoea, nao wamefungwa magando kwa kamba, maskini, wasijue kosa lao.

Basi katika siku hizo za ujemadari nikapata mchumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulikuwa tumekutana kwenye harusi ya ndugu yangu. Nilisema neno moja kali kuhusu viatu vya bwana harusi. Wanaume wote wakakunja uso, yeye akacheka mpaka akakaa chini. Nilimtaka tangu dakika ile. Wengine walikuwa wakiuogopa mdomo wangu, na mama alikwisha kuniambia kwamba wa kuustahimili hajazaliwa. Sasa alikuwa amezaliwa, ana kazi, na ana mama yake Kilifi.

Mama yake ndiye aliyekuwa mlima. Alikuwa mpishi wa karamu, ambaye watu walimfuata kutoka Takaungu hadi Mambrui awapikie wali wa harusi, na alikuwa amekwisha kuwakataa wasichana wawili baada ya kuwashika mikono tu. Ilisemekana anashika kiganja, anakipapasa, anashukuru kwa chai, anaondoka. Mimi nami sikujua kupika. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliunguza sufuria ya wali mpaka jirani akaja na ndoo ya maji, na tangu siku hiyo mama aliniondoa jikoni kwa usalama wa nyumba.

Siku waliyokuja kunitazama, mama alinivalisha leso mpya na kuniamuru nisifungue kinywa ila kwa salamu. Niliwaamkia, "Shikamoo," nikambusu mkono yule bibi mpishi, na yeye hakuuachia wangu. Aliugeuza, akaupapasa kidole kwa kidole, akafika kwenye ile sugu akasimama.

"Hii ya nini, mwanangu?"

Kabla sijavuta pumzi, mama akajibu. "Nazi hiyo, dada yangu. Huyu na mbuzi ya nazi hawaachani."

Nilinyamaza. Mimi, niliyeshindwa kunyamaza mbele ya viatu vya bwana harusi, siku ile nilinyamaza kama niliyekatwa ulimi, kwa sababu nilimtaka yule mwalimu. Bibi akaitikia kwa kichwa, akanywa chai, na hakuondoka. Akasema kuna harusi ya jamaa zao Kilifi wiki ijayo, mikono ya kukuna nazi haitoshi, na mkono kama huu usikose.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa safari ya Malindi hadi Kilifi. Mama alininunulia nazi mbili nijifunze. Nilikuna moja nikajikata, ya pili nikaitupia ukuta.

Uani kule Kilifi walikuwa wanawake kumi na wawili wamekaa kwenye mbuzi zao, na katikati rundo la nazi zilizoletwa kutoka Kikambala. Nikapewa mbuzi yangu. Kwa asiyejua, hicho ni kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Unakikalia, unaegemeza kipande cha nazi kwenye yale meno, unazungusha. Wenzangu walizungusha huku wakipiga soga, na machicha meupe yakishuka kwenye sinia. Mimi niliikuna nazi kama niliyekuwa na kisasi nayo. Nilipita nyama nikakwaruza kifuu, na sinia langu likajaa vumbi la kahawia. Tui la sinia kama lile hata paka analigeuzia mgongo.

Binti mmoja wa pembeni yangu aliinua kichwa akatazama sinia, kisha akatazama kidole changu. "Sugu yote hiyo, na kukuna hujui?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoamka. "Hii si ya nazi," nikasema. "Hii ni ya bastola."

Mbuzi zote kumi na mbili zikanyamaza. Mama wa mwalimu, aliyekuwa anachagua mchele barazani, akaweka ungo chini akaja taratibu.

"Bastola ya nani?"

"Ya hotelini, mama. Ya kupigia kaa."

"Kaa gani?"

"Wa angani."

Mmoja wao akasoma kitu kwa sauti ya chini na kujipulizia kifuani. Ikabidi nieleze yote, mashine, kioo, fundi, springi ya mlango wa jikoni, na jinsi kazi yangu ilivyokuwa ni kupiga tu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayestahili kupelekwa kwa mganga. Nilijua mwalimu amekwisha kuniponyoka. Nikainama nikaendelea kukwaruza kifuu, maana sikujua la kufanya na mikono yangu.

"Utanionyesha," akasema yule bibi, akarudi kwenye mchele wake.

Alikuja Malindi siku ya nne yake, nami nikampitisha kwa mlango wa nyuma. Fundi alipotuona alishika bisibisi kifuani. "Dada, huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu, Mungu akipenda," nikamjibu, na bibi hakunikosoa, ila hakuitikia pia.

Nilicheza kwanza yeye akitazama. Sijawahi kupiga vizuri kama siku ile, kwa sababu sijawahi kuogopa vile. Kisha akaninyang'anya bastola, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika samaki anayeteleza, akafyatua sita, saba, nane. Ikajifunga. Kaa wakateremka.

"Bastola gani hii inayochoka upesi hivi?"

"Ikifika sita, subiri ipoe, mama."

"Mimi sisubiri kitu. Chungu changu hakijanisubirisha, seuze mdoli."

Akaliwa tena. Mara ya tatu nilisimama nyuma yake nikamhesabia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Subiri ipoe. Alisubiri huku ametoa ncha ya ulimi nje, kisha akaendelea, na akawamaliza kaa wa kundi la kwanza wote. Fundi alitoka nyuma ya kabati kumpa hongera. Bibi akairudisha bastola mahali pake, akajifunga buibui vizuri.

"Sugu ya nazi haikai hapo," akaniambia. "Hukaa hapa, chini ya kidole gumba, kifuu kinapoegemea. Mimi siku ile nilidhani wewe ni mshonaji na mama yako anakuonea haya. Wali nitakufundisha mwenyewe. Lakini usininyamazie tena."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa. Nikamwita mavyaa, kama tunavyowaita mama wa waume zetu, na yeye akawaambia watu kwamba mkaza mwana wake ni askari. Alinifundisha kukuna, kukamua tui, kupalia wali makaa, na mara nyingi tulitukanana mpaka mume wangu akaenda kusahihisha madaftari kwa jirani. Miaka ya themanini haikuisha, hoteli ikaiondoa mashine ikaweka meza ya biliadi, na fundi akarudi kwao bara. Sugu yangu ikalainika, ikaisha. Nyingine ikaota, chini ya kidole gumba.

Miaka mingi baadaye mavyaa alipoteza macho, kisha akaanza kutupoteza sisi. Alitujua kwa mikono. Adhuhuri moja nilikuwa nimemlisha, nikakaa kando yake, naye akaushika mkono wangu wa kulia akaugeuza kama alivyofanya siku ya kwanza. Alikipapasa kidole cha shahada, akakirudia, hakukuta kitu. Akashuka kwenye kiganja.

"Mkono huu umekuna nazi nyingi," akasema. "Wewe si mke wa mwanangu. Yule hajui kukuna nazi. Amekwenda wapi?"

Kuna wakati ningetoa kila nilicho nacho kuyasikia maneno hayo ya mwanzo kinywani mwake. Sasa yalinichoma, nami nikalia bila kujificha, kwani hakuona. Nilimwambia mimi ndiye, mama wa wajukuu zake. Akanijibu kwa adabu kwamba wajukuu zake wana mama yao.

Basi nikauchukua mkono wake, nikakikunja kidole chake cha shahada ndani ya kiganja changu, nikakibonyeza. Moja. Mbili. Nikaendelea polepole, tatu, nne, tano, mpaka sita. Hapo nikaacha kubonyeza. Kidole chake kilitaka kuendelea peke yake, kikatikisika, kikakaa.

"Subiri ipoe," akasema mavyaa.

Tukahesabu mpaka tatu, kisha tukaanza tena.