Gundi Angani

Mume wangu mtaani wanamwita Gundi, na jina hilo hakulipata bure. Mpelekee pasi iliyoungua, feni iliyogoma, redio ambayo hata mwenyewe umeshaikatia tamaa, ataipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa zawadi. Kibanda chake kiko ubavuni mwa nyumba yetu, na ndani huwezi kugeuka bila kuangusha kitu. Neno "tupa" halimo kinywani mwake. Nikivunja kikombe, anaokota vipande kabla sijashika ufagio. Majirani walikuwa wakinitania kwamba mimi nina bahati, nikizeeka sitaachwa, nitabadilishiwa spea tu. Nami nilikuwa nacheka nao.

Wale watu wa miavuli walimfuata kwa sababu ya redio. Wana kiwanja chao nje ya mji, njia ya zamani ya ndege, na watu wazima wenye akili zao timamu wanapanda juu kwa ndege ndogo na kujirusha chini kwa furaha, mwavuli mgongoni. Mwanafunzi huwekewa kiredio ndani ya kofia ili mwalimu aliye chini amwelekeze. Viredio vyao vilikuwa vinakoroma tu. Mume wangu akavitengeneza vyote, vikaongea kama vipya, kwa hiyo mbele ya safari asije mtu akaniambia kwamba hakusikia.

Kwa shukrani wakampandisha juu, akashuka amefungwa kifuani kwa mwalimu wao. Alirudi nyumbani macho yanawaka. "Mama Pacha," aliniambia, "kule juu hakuna mtu anayekuuliza kitu chake kiko tayari lini." Nilijua hapo hapo kwamba nimeibiwa mume. Akaanza masomo, na nikawa namfuata kila Jumapili, maana heri kuona kwa macho kuliko kukaa nyumbani tumbo joto.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mrefu, sauti nzito, hana mchezo. Aliwaning'iniza wanafunzi kwenye boriti ya banda la ndege kwa mikanda na kuwarudia jambo lile lile hadi wakachoka naye. Mwavuli ukifunguka vibaya, rekebisha, lakini huku unatazama saa ya kimo iliyo mkononi, ile inayokuonyesha uko juu kiasi gani kutoka ardhini. Kipo kimo cha kukata shauri. Ukifika hapo, hata kama unaona umebakiza kidogo tu, unaacha ufundi. Mkono wa kulia unavuta mpini mwekundu na mwavuli mbovu unakwenda zake. Mkono wa kushoto unavuta mpini wa pili, mwavuli wa akiba unafunguka. Mume wangu alifanya mazoezi hayo hata kitandani. Mkono wa kushoto uliishia kwenye mbavu zangu, ndiyo maana somo lile mimi nalijua vizuri kuliko wanafunzi wengi.

Sasa, siku moja kamba za mwavuli wake zilijisokota. Hilo hutokea. Alipiga mateke hewani, akazungukazunguka, kamba zikanyooka, akatua salama, wenzake wakampigia makofi. Mwalimu hakupiga makofi. Alimvuta pembeni, nami nikiwapo na chupa yangu ya chai.

"Zilinyooka ukiwa kimo gani?" alimuuliza.

"Zilinyooka vizuri kabisa, Mwalimu."

"Sijakuuliza zilinyookaje. Nimekuuliza kimo."

Hakujua. Hakuitazama saa hata mara moja. Mwalimu akamzuia kuruka, akamrudisha kwenye boriti kama mtoto wa darasa la kwanza, akaning'inia pale wiki baada ya wiki hadi akajibu kila swali sawasawa. Siku ile ile alipokanywa nilimwambia njiani kwamba leo umekanywa mbele ya mkeo, naomba ukanyike. Akacheka.

"Mwalimu ni mtu mwema," alisema, "ila hana moyo wa fundi."

Ningejua, ningemfungia ndani. Siku ya siku ilikuwa asubuhi shwari, jua zuri, upepo haba. Aliruka peke yake. Mwavuli ukafunguka, lakini kamba moja ilikuwa imepita juu ya kitambaa na kukibana katikati, kama mto wa kulalia uliofungwa mkanda. Ukaanza kumzungusha. Hata mimi, mpishi wa shule, niliona kwamba kitu kile hakirekebishiki.

Mwalimu alikuwa na darubini jichoni na redio mdomoni. "Tazama kimo. Mpini mwekundu. Achia." Akapandisha sauti. "Achia sasa. Usiuguse tena huo mwavuli, achia!"

Hakuachia. Alizunguka tu, miguu imetupwa nje, na mikono yake iko juu, inafanya kazi.

"Anafanya nini?" niliuliza.

"Ametoa kisu."

Wote hubeba kisu kidogo chenye ndoano, kwa ajili ya mkanda uliomnasa mtu. Mume wangu alikuwa anataka kukata ile kamba moja. Angani, anazungushwa, ardhi inamjia, yeye amefungua kibanda.

"Si kuna kifaa kinachofungua akiba chenyewe?" nilipiga kelele.

"Kinamngoja mtu anayeanguka kama jiwe. Yeye hashuki kwa kasi hiyo." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Lakini anashuka kwa kasi ya kutosha."

Nikampokonya redio. Sijui nilisema nini kwanza. Najua nilimwita kwa jina la watoto, nikamwambia Baba Pacha achia hilo dude, nakuomba, nakupigia magoti, vunja kila kitu nyumbani lakini achia. Kiredio kilikuwa kizima. Alinisikia.

Kamba ilikatika. Niliona mwavuli ukinyanyua upande wake, ukajaa nusu, na kwa kitambo kifupi ukaacha kuzunguka. Halafu ukampeleka kando na kumbamiza kwenye udongo mkavu mwisho wa kiwanja. Mlio ule nausikia hata sasa ninapokatakata vitunguu.

Tulipomfikia alikuwa na fahamu. Mguu wa kulia ulikuwa umelala mahali ambapo mguu haulali. Alinitazama, uso umejaa vumbi, akasema, "Umeona? Ulikaa sawa. Ilibaki kidogo tu."

Ningeweza kumzaba kofi. Nilimbusu paji la uso na kulia kama mwendawazimu.

Hospitalini walimtia vyuma mguuni, vingine vimechomoza nje. Kila mtu alisema ana bahati, na siku za mwanzo nami nilijikaza nikaamini. Alivichunguza vile vyuma kwa shauku, akawaeleza wauguzi skrubu ipi ingekaa vizuri zaidi. Baadaye mguu ukaanza kunuka. Wakauosha, wakauosha tena. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda na kukataa kushuka. Daktari wa mifupa, mtu asiyezunguka maneno, alivuta kiti.

"Uchafu umefika kwenye mfupa na unaelekea kwenye damu," alisema. "Tukiuondoa mguu leo tunakata chini ya goti. Goti linabaki. Tukingoja, siwaahidi kitu, hata uhai."

"Daktari," mume wangu alisema, taratibu kabisa, kama anavyozungumza na mteja mwenye haraka, "jaribuni kuusafisha mara moja tena. Unashika huu. Imebaki kidogo tu."

Maneno yale yalinikata maini. Nilimsihi mchana kutwa. Nilimtajia watoto wetu pacha, nikamwambia wanauliza baba atarudi lini na mimi nimeishiwa uongo. Akanishika mkono na kunituliza, yeye mgonjwa, mimi mzima. Daktari alikuja tena jioni, akakataliwa tena. Mtu mwenye akili zake halazimishwi, alisema, akatoka ameinamisha kichwa.

Asubuhi nilimkuta midomo imekauka na macho yameingia ndani. Mwalimu wake alikuwa amekuja, amekaa kwenye kiti changu na mikono yake mirefu mapajani. Sikutaka kumwona. Nilikuwa nimempangia maneno makali. Lakini alikuwa analia bila sauti, na hasira yangu ikakosa pa kutua. Ikatua kwa mwenye kitanda.

Niliinama hadi pua yangu ikakaribia kugusa yake. "Wewe," nilimwambia. "Uko kimo gani?"

Akafumba macho. "Mama Pacha, niache."

"Sikuachi. Jibu. Uko kimo gani sasa hivi?"

Pumzi yake ilikuwa fupi na ya moto. Nikasema kwamba simtaki mzima. Nikamwambia namtaka nusu, robo, namtaka hata akibaki sauti tu ya kunikera jikoni, ila maiti yenye miguu miwili mimi sina kazi nayo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza vichwa kututazama. Sikuwaonea haya.

Machozi yakamtoka pembeni. "Nimeshapita chini," alisema. "Niliona jana nimepita. Niliogopa."

"Basi mwambie daktari."

"Mwite."

Mwalimu ndiye aliyekimbia kumwita.

Walimchukua, mlango ukafungwa, tukabaki mimi na yule mwanamke kwenye benchi. Sikuomba muujiza. Niliomba tu mtu atoke pale aniambie anapumua. Daktari alipotoka hatimaye, shati limemganda mgongoni, alisema anapumua. Halafu akaangalia viatu vyake na kuniambia yaliyobaki.

Mume wangu aliamka alasiri. Mkono wake ukashuka chini ya shuka, ukitafuta. Nikauona ukifika, ukasimama, ukarudi juu kidogo na kushuka tena.

"Mama Pacha. Goti liko wapi?"

"Halipo."

"Alisema goti linabaki."

"Alisema jana," nilimjibu.

Akageuza uso ukutani na kulia kwa sauti kubwa, kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu anioe. Nilipanda kitandani upande uliokuwa na nafasi, wa kulia, nikamshika. Muuguzi aliingia kunikataza, akatuona, akatoka.