Firigisi ya Mama Nakhungu

Mama mkwe wangu, Nakhungu, anauza mboga za mrenda na sucha sokoni Kamukuywa, na kwa ukaidi sijaona wa kumshinda. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mara mbili nilimpeleka Kitale apasuliwe, mara mbili tukarudishwa: presha imepanda mno. Alifika mahali pa kunitambua kwa sauti tu, na hilo liliniuma.

Safari ya tatu, Daktari Chepkemoi aliagiza damu ipimwe zaidi. Majibu yakaja: homosisteini iko juu. Kitu hicho, alisema, mwili hukitengeneza wenyewe, kisha hukiondoa kwa msaada wa vitamini, hasa ile ya mboga na ile ya B12 inayotoka kwa wanyama. Zikipungua, kinarundikana, na wenye nacho kwa wingi mara nyingi hukutwa na presha pia. Hakuapa kwamba hiki ndicho kinacholeta ile. Ila B12 ya mama ilikuwa chini sana, na lazima irudi.

"Mama, unakula kuku? Mayai?"

"Mimi ni mwanamke," mama akajibu, akishangaa kuulizwa.

Daktari, mtu wa mlimani asiyejua mila zetu, akanigeukia. Nikamweleza kwamba kwetu zamani kuku alikuwa wa wanaume. Mwanamke anamfuga, anamnyonyoa, anampika, kisha anakula mboga. Sisi wa leo tunamtafuna bila haya, lakini mama alilelewa na nyanya yake. Maziwa nayo yanamsokota tumbo, na nyama ya ng'ombe meno hayataki.

Akadungwa sindano, vidonge vya presha vikaongezwa, tukaambiwa ale maini na mayai.

Nyumbani akagoma. "Sasa nianze kula kuku uzeeni, ati watu waseme nini?"

"Si waseme tu, mama. Kwani hao watu ndio watakupasua jicho?" Nilikuwa nimekasirika na sikuficha.

Baba mkwe, mzee Wepukhulu, alikuwa mezani na kuku wake wa Jumapili. Firigisi, kipande cha mwenye boma, ilikuwa kwenye sahani yake, na tangu waoane hakuna mwingine aliyewahi kuionja. Mzee huyo, asiyejimiminia hata chai, akainuka, akaiweka mbele ya mkewe, mama wa mwanawe Khisa, pamoja na ini.

"Kula, mama Khisa. Mimi ndio nimesema."

Mama akatafuna, akatafuna. "Hii ndio mlikuwa mnatunyima? Ni ngumu hivi?" Lakini akamaliza, na kesho yake akaomba yai.

Presha ikashuka. Kama ni vidonge, sindano au kuku, msiniulize mimi. Kitale wakamkubali.

Asubuhi walipomfungua bandeji, mzee alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mama akamtazama kwa muda mrefu, uso wote, mpaka nywele.

"Baba Khisa," akasema polepole, "umezeeka lini?"

Mzee akajaribu kucheka, akashindwa.