Hema Lililofunga Mtaa

Hatukutangaza msiba wa uongo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa kuanzia hapa Narung'ombe hadi Mchikichini: kwamba familia ya marehemu Saif ilizusha kifo ili ihesabu waombolezaji wake, na kwamba mimi, mjane wake, mwalimu mstaafu niliyewafundisha watoto wa hao hao wanaosema, nilisimama barabarani nikamlilia mtu huku nikijua yu hai. Si kweli. Nililia kwa sababu niliamini. Hadi leo nikisikia zipu inafunguliwa, moyo unanienda mbio.

Anayesemwa ni wifi yangu Sabaha, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Wengi wanamjua kwa mwiko wake wa kupikia. Aliolewa Temeke akiwa binti, akaachwa mapema, akarudi nyumbani kwao, ghorofa hii hii tunayoishi, na hakuondoka tena. Nilipoletwa hapa bibi harusi nilimkuta jikoni. Nilipokuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, yeye ndiye aliyembeba mgongoni binti yangu Hamdiya. Na mtaa huu ukifiwa, sheikh hajaitwa bado, Sabaha ameshaitwa. Sufuria kubwa za mtaa zinakaa kwake. Hakuna nyumba hapa ambayo hakuipikia pilau la msiba.

Sasa Hamdiya amekuwa mtu mzima, kazi yake ni kupeleka watu kupiga kambi porini. Ijumaa moja, tukila, akasema kwa mzaha, "Shangazi, njoo twende msitu wa Kazimzumbwi. Tunalala kwenye mahema."

Tukacheka. Sabaha hakucheka. "Lini?" akauliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. Baada ya chakula nilimfuata jikoni.

"Wifi, mtu wa umri wako alale chini?"

"Kaburini nitalala wapi? Juu ya kitanda?"

"Watu watasema tumekufukuza nyumbani."

"Waseme. Mimi nataka kulala mahali ambapo hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi."

Basi nikamwekea sharti. Hamdiya anakuwa na wageni wengi, kila mtu anajisimamishia hema lake. Nikamwambia, ukipata hema unaloweza kulisimamisha kwa mikono yako mwenyewe bila msaada, utakwenda. Usipopata, tusilizungumze tena. Yalivyo magoti yake, nilijua hema la namna hiyo halipo.

Kesho yake tukaenda kwa Kitwana, ambaye duka lake limejaa mabegi ya safari, maturubai na magodoro ya kujaza upepo mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama zangu."

"Marahaba. Tunataka hema," nilisema. "Dogo, lisilovutia macho."

"La kusimama ndani," alisema Sabaha. "Na la haraka."

Kitwana alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Bi mkubwa, ni wewe unayekwenda kupiga kambi?"

"Kwani nina sura ya kupiga nini?"

Kwanza alitutolea hema la vijiti vya kuunganisha, unavipenyeza kwenye mikanda huku umechuchumaa. Sabaha alichuchumaa mara moja, akashika meza, akainuka. "Hili la kuinamainama muuzie mwenye magoti mapya." Nilifurahi moyoni.

Kitwana akaleta la pili, duara bapa kama ungo. "Hili unalirusha tu, mama." Akatoka nalo nje, akalirusha. Likafunguka hewani likamwangukia mchukuzi aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa vitunguu.

"Oya, unanifunika mzima mzima?" alipiga kelele yule mchukuzi kutoka ndani.

Kulifungua ilikuwa kufumba na kufumbua. Kulikunja ndiyo ikawa kazi. Kitwana alilipinda, likamponyoka, akamwita jirani yake, likawaponyoka wote wawili. "Kulifungua kama kuoa," alisema akihema, "kulikunja ndiyo kesi."

"Mimi niliachwa haraka kuliko hivyo," alisema Sabaha.

Wachuuzi wote wa kile kibaraza wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Talaka ya nyumba yetu, jambo ambalo hata marehemu Saif hakulitaja mbele za watu, leo inachekwa sokoni katikati ya vitunguu!

La tatu lilikuwa refu, jeupe kama maziwa. Fremu yake imeshonewa juu kabisa, kama mbavu za mwavuli. Unalilaza, unavuta kamba mbili, linapanda lenyewe, kisha unabonyeza kiungo cha kila mguu hadi kigonge. Huchuchumai. Sabaha alilihoji kama anayehoji mposaji.

"Sakafu imeshonewa humo humo?"

"Humo humo. Nyoka hapiti, siafu hapiti."

"Mvua ikinyesha, jasho la kitambaa halidondoki ndani?"

"Lina kitambaa cha pili juu, mama. Na madirisha ya wavu, hewa inapita."

"Nikisimama kuswali, kichwa kinagusa?"

"Hata ukivaa kilemba."

"Na zipu inafunguka kwa ndani?"

"Mama, ni tenti, siyo mahabusu."

Nikadai lifunguliwe tulione. Kitwana akakataa. "Likisimama humu, duka lote litakuwa ndani yake. Kajaribuni nyumbani. Likiwashinda, rudisheni."

Nyumba yetu haina ua. Juu ya paa kuna matangi ya maji na nyaya. Palipobaki ni mtaani, mbele ya mlango. Tulisubiri Jumapili asubuhi, malori yakiwa machache. Nilishuka naye nikakunja mikono, sikumgusia hata kamba. Akalilaza, akasema bismillahi, akavuta. Likainuka kama mtu aliyeitwa. Akazunguka taratibu akigonga miguu, mmoja mmoja, akiwa amesimama wima. Hema likajaa mtaa, kutoka ukuta wetu hadi karibu na ukuta wa pili. Sharti langu likafia pale pale.

"Nipishe sasa," alisema, "nisikilize mgongo unasemaje." Akaingia na mkeka wake, akafunga zipu. Mimi nikapanda juu kuoga, nikiomba mgongo ukatae.

Asiyekaa Kariakoo hawezi kuelewa kilichofuata. Harusi zetu siku hizi zimehamia kumbini. Turubai likifunga mtaa asubuhi, mbele ya mlango wa mtu, maana yake ni moja tu. Na huulizi. Unageuza mkokoteni wako, unapita mtaa wa pili, unamwambia unayekutana naye. Tena wiki ile ile Sabaha alikuwa amepelekwa hospitali kwa presha, na kila mtu alimwona akishikwa mkono kuingia kwenye gari. Basi mchukuzi wa kwanza aliyegeuza alisema pembeni, "Njia imefungwa, kuna msiba kwa kina Saif." Jirani yetu wa mbele, Zamda, alichungulia dirishani, akaliona jeupe, akaandika kwenye kundi la mtaa: Sabaha katutoka.

Hakuna aliyepanda ngazi kuniuliza. Nani anakwenda kwenye nyumba ya msiba kuuliza kama kuna msiba? Na lile hema, kwa kuwa lilikuwa na mlango na mlango umefungwa, walidhani ndimo maiti anamooshwa. Kwa heshima wakaligeuzia mgongo. Adabu yetu wenyewe ndiyo iliyotuponza.

Mimi nilikuwa najifuta maji niliposikia kilio. Nikaenda dirishani. Chini kumejaa. Wanawake wamejitanda kanga, wanaume wanashusha viti, mikeka inatandikwa. Na Bwana Rajnikant, mwenye duka la vitambaa chini yetu, ambaye sijamwona akifunga duka hata mafuriko yakiingia mlangoni, alikuwa anashusha shata lake, lile pazia la chuma la mlangoni, polepole, kalishikilia kwa mikono miwili lisipige kelele. Ni lile shata lililonimaliza. Nikajua amefia ndani ya hema, peke yake, mimi niko juu najimwagia maji.

Nilishuka ngazi miguu mitupu, na kanga moja. Kichwa wazi. Tangu nilipoingia ukoo huu, mtaa haujawahi kuona unywele wangu. Siku ile waliuona wote. Wanawake wakanidaka mlangoni, nami nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Wifi yangu! Ningekuacha uende! Ningekuacha ukalale unapotaka!"

Wakanibembeleza. Nyuma yangu nikawasikia wanaume wakiulizana kama anaswaliwa adhuhuri au alasiri, na kama makaburini Kisutu kuna nafasi. Zamda naye alikuwa ameshika kiuno, machozi yanamtoka.

"Maskini Sabaha. Hata Kigamboni hajavuka. Pantoni analiona tu, akienda Magogoni kununua samaki."

"Mkono ule!" alisema mwingine. "Nani tena atatupikia?"

"Nitapika mimi," alisema Zamda akijifuta pua. "Sufuria si ziko kwake? Nitaweka na nyanya kidogo, pilau lipate rangi."

"Nyanya?"

Sauti ilitoka ndani ya hema. Watu wote wakaligeukia.

"Nani huyo anaweka nyanya kwenye pilau?"

Zipu ikashuka. Kichwa cha Sabaha kikatokeza, mtandio mweupe umemkaa upande, alama za mkeka shavuni.

Sitaki kuona tena nilichokiona. Zamda alirudi nyuma akakaa ndani ya beseni. Mzee mmoja alitoa shahada akakimbia, viatu vyake tukavikuta pale pale hadi jioni. Bwana Rajnikant alimtaja Mungu wake akang'ang'ania shata. Viti vilianguka, mwanamke mmoja akapanda juu ya mkokoteni uliokuwa umeegeshwa. Mimi sikukimbia. Nilikaa chini juu ya lami. Nilikuwa nimeshamzika moyoni, na sasa ananitazama.

Sabaha alitazama umati, akatazama mikeka, kisha akanitazama mimi.

"Wifi," alisema, "funika kichwa."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Alisinzia tu. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri, na kivuli cha hema kilikuwa kizuri. Alipozinduka na kusikia kilio alidhani kafiwa jirani, akaanza kupapasa viatu aende jikoni. Ndipo akasikia jina lake. Aliwaeleza hivyo hivyo wote waliobaki, akawachemshia na chai. Wengine walicheka wakanywa. Wengine waliona aibu kwa machozi yao, na mtu akiona aibu hutafuta wa kumbebesha. Kufikia alasiri tulikuwa tumekwisha kuwa waongo.

Jioni alilikunja hema, peke yake pia. Nilisimama mlangoni nikamwambia safari sasa haiwezekani. Watu wameudhika. Tukitoka na hema lile tena watasema tumewadhihaki, jina la Saif litakuwa mzaha.

Hakuinua kichwa. Alikuwa anafunga kamba za mfuko.

"Wamelilia mwiko, wifi," alisema. "Nimelala mle nasikiliza. Mmoja mkono, mmoja sufuria. Nikasema ngoja, labda yumo anayenililia mimi."

Nikatazama barabarani.

"Ni wewe tu. Umesema ungeniacha niende."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Nilisikia. Na mtaa mzima umesikia."

Sikulala vizuri siku zile. Niliyatazama mambo kila upande, kama nilivyozoea, na kila upande uliniambia jambo moja. Neno linalosemwa juu ya maiti halimezwi. Kama maiti alinyanyuka akalisikia, ndiyo kabisa. Ningemzuia, mtaa ungesema nyumba ya Saif inalia kitu kimoja hadharani na kufanya kingine ndani, na mara hii wangekuwa wamesema kweli.

Basi Hamdiya alipokuja na gari, nilikataa tuondoke kimyakimya kupitia mlango wa nyuma. Sabaha alitoka mlango wa mbele mchana kweupe, kavaa raba za mitumba na tabasamu ambalo sijawahi kuliona usoni mwake. Hema nililibeba mimi mwenyewe hadi kwenye gari, taratibu, ili kila aliye dirishani aone kwamba hakufukuzwa na mtu. Bwana Rajnikant alitoka dukani akamfungulia mlango wa gari. Kisha akarudi kwenye vitambaa vyake.

Zamda hakuweza kujizuia. Aliinama dirishani kwake nusu mwili nje.

"Mama Hamdiya! Hema tumeliona, begi la Sabaha tumeliona. Na hilo la pili ni la nani?"

Sikumjibu siku ile. Ameniuliza tena mara nyingi, na amewatuma wengine waniulize. Wanataka kujua nani alirudi na udongo kwenye baibui. Wanataka kujua lile hema lililaliwa na wangapi. Mambo hayo ni ya nyumba yetu, na sisemi.