Maharage ya Mama na Mvua ya Ijumaa

Ijumaa ile ya Oktoba sijui niliitazama simu mara ngapi. Mawingu mchana, mvua kuanzia saa moja jioni, Jumamosi mvua, Jumapili mvua. Naifunga, naifungua tena, nimekunja uso, kama vile itaniogopa ibadilike.

Shida ilikuwa maharage ya mama. Alikuja Minnesota, huku Marekani, kunitembelea mwezi wa tano, na nyumba yangu ya kupanga pale Eagan ikamshinda mapema. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa rimoti. Akachoka hadi akaanza kufagia ngazi za majirani, wakawa wanamwangalia kwa mashaka. Ndipo nikamkodishia kipande cha shamba kwa mkulima mmoja, mwendo wa saa nzima kusini mwa mji. Siku za shamba nilimshusha alfajiri nikiwahi kazini, nikamfuata nikitoka.

Jumatano kabla ya mvua hiyo aling'oa mashina yote ya maharage, akayaanika palepale shambani, mizizi juu, kama tunavyofanya kwetu Mbeya. Kule jua la kiangazi linamaliza kazi kwa siku tatu, unapura, unatia guniani. Huku jua la Oktoba halikaushi hata leso! Mimi nimekaa hapa miaka kumi na moja, na nilimwangalia akianika nisiseme kitu. Sikufikiria kabisa. Jumatatu alikuwa anapanda ndege kurudi nyumbani, na alishaapa haondoki kwangu bila kuniachia gunia la chakula.

"Twende sasa hivi," aliniambia asubuhi ile ya Ijumaa, keshavaa buti.

"Mama, mvua ni saa moja jioni. Natoka kazini saa tisa, tutawahi."

"Si uombe ruhusa?"

"Jamani mama! Wale wazee ninaowahudumia nimwachie nani?"

"Haya."

Hiyo "haya" yake naijua tangu utotoni. Haina maana ya haya hata kidogo.

Mchana, wakati wa kula, ndipo nilipogundua kwamba siku zote nilikuwa nasoma utabiri wa mjini. Nikatafuta wa kule shambani: mvua saa nane. Loh! Nilijitukana matusi ambayo mama asingependa kuyasikia. Na bado sikuomba ruhusa. Nilijiambia hawa watabiri nao hukosea, nikarudi kumkogesha bibi wa watu.

Nilipotoka saa tisa na kufika nyumbani, nilimkuta mama amesimama nje kwenye maegesho, magunia mawili matupu kwapani. Mvua ilitupokea katikati ya njia. Mimi nikawa nafokea malori, nafokea vifuta kioo, namfokea hata mwenye shamba ambaye hakuwa na kosa lolote. Tulipofika, maharage yalikuwa yamelala kwenye tope. Tulijaza gari mpaka viti vya mbele, mashina yakituchuruzia maji magotini.

Tuliyatandaza sebuleni, juu ya zulia, nikawasha hita hadi mwisho. Siku mbili mvua haikukatika. Jumamosi niliporudi kutoka kazini nilimkuta amepiga magoti, anayageuza. Nyumba nzima ilinuka ukungu. Kufikia Jumapili maganda yalikuwa meusi na punje nyingi zimechipua. Alizochambua zikiwa nzima hazikufika nusu ya sufuria ndogo.

Jumapili hiyo alasiri nilikuwa nimeshavaa sare ya zamu ya jioni. Nilishindwa kutoka bila kusema.

"Mama, nisamehe kwa maharage yako. Ningekusikiliza yangepona."

"Maharage yanauzwa dukani," alisema, mikono yake ikiendelea kuchambua. "Hayo siyo niliyokuwa nalilia. Miezi yote hii nimekaa kwako, mwanangu. Nilitaka siku moja tu uache kazi kwa ajili yangu."

Nilisimama pale mlangoni. Nilitamani kuivua ile sare, Mungu ni shahidi wangu. Kisha nikaangalia saa, nikamwambia ale asinisubiri, nikaenda kazini.