Kadzo, Aliyekataa Kumchora Babu Yake

Tangu jana naambiwa Kadzo amefariki, na tangu jana mimi nakataa. Kakake alinipigia simu nikiwa dukani kwa baba hapa Malindi, namkatia mteja kitambaa. Nikamwambia, "Acha mchezo." Hakuwa anacheza.

Figo, wanasema. Mtu aliyekuwa akigombana na dunia nzima na akapata nafasi ya kucheka, ati figo.

Kwa msiomjua: Kadzo alikuwa mtoto wa Ganze, mimi Muhindi wa duka. Tulikutana mwaka wa kwanza chuoni, darasa la sanaa. Alizitazama penseli zangu zote za rangi akasema, "Shoga, hizi utachora nazo ama unafungua duka jingine?" Tukawa marafiki kuanzia hapo.

Alinilisha mtsunga, ile mboga yao chungu, akanikodolea macho aone kama nitakunja uso. Nikakunja. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa niwaambie la mwaka wa pili, maana naona wengine mmeshaanza kulisimulia mnavyotaka.

Mwalimu wetu alileta kigango darasani. Kigango ni mti wa kuchongwa ambao Wagiriama humsimamishia mzee wao mkubwa akishafariki, awe na mahali pake bomani. Hakihamishwi. Huachwa pale pale mpaka kioze chenyewe. Hiki kilikatwa kwa msumeno, chuo kikakinunua kwa muuza vinyago, kikawekwa mezani kando ya chungu na maboga. Still life, yaani picha ya vitu vilivyopangwa mezani. Tukaambiwa tuchore.

Kadzo alitoka nje na simu, nikamfuata. Alikuwa akiongea Kigiriama na Hawe, bibi yake, sauti imeshuka. Hawe aliuliza kama bega la kushoto lina ufa. Lilikuwa nao.

Mzee wa kigango kile alikuwa babu wa babu yake, mtu wa enzi zile Wagiriama walipopigana na Waingereza. Kadzo alikuwa mdogo walipoamka asubuhi wakakuta kisiki kitupu.

Akarudi ndani, akasimama mbele ya meza. "Tsawe," akamwita, yaani babu. "Hawa hawajui. Mimi najua." Kisha akavuta kiti, akakaa kando ya mzee, akatugeukia sisi na kuanza kutuchora. Darasa zima tumekodoa macho, na mimi nimo, mdomo wazi.

Mwalimu akamwambia, "Kadzo, hujachora kilichopo mezani."

"Samahani, mwalimu. Aliyepo mezani ni babu yangu. Hakuja kuchorwa."

Alipewa sifuri, akarudia somo. Picha ile aliibandika mlangoni mwa chumba chetu, na sifuri yake nyekundu juu, kila mgeni aione.

Toka siku hiyo hakupumzika, akawa anazunguka ofisi za chuo kumdai mzee arudishwe kwao. Aliambiwa ni mali ya chuo. Akaambiwa ni urithi wa taifa zima. Akaambiwa asubiri kamati. Bwana mmoja akamuuliza kama kweli anaamini mambo ya mizimu, msomi mzima kama yeye. Kadzo akamjibu, "Sikuja kuzungumza imani. Nimekuja kumchukua mzee wetu."

Na watu wa kwao nao walimsema. Mwanamke anaingiaje mambo ya vigango? Hilo lilimuuma kuliko sifuri, alikuja kulia kwangu dukani, nyuma ya majora ya vitambaa. Hawe ndiye aliyemwambia aendelee, kwa sababu wanaume walikuwa wamenyamaza miaka yote.

Alimaliza chuo, akawa anafundisha watoto kuchora huko Kaloleni, na kila shule zikifungwa yuko pale ofisini. Hata alipokuwa anasafishwa damu alinituma mimi badala yake. Nilikwenda. Niliambiwa nisubiri kamati.

Na leo asubuhi, jamani, chuo kimeweka picha yake mtandaoni. "Fahari yetu." Mioyo na maua tele. Nimesoma kwa hasira.

Wakapiga simu nyumbani, wakamuuliza mamake walete shada kubwa la maua ama basi la waombolezaji. Mama Kadzo, ambaye tangu jana hajatia kitu kinywani, akawajibu, "Maua sitaki. Njooni na mzee." Akakata simu.

Sasa wananipigia mimi, ati nimweleweshe mama. Simweleweshi. Mama ameelewa vizuri sana. Asiyeelewa ni aliyeandika fahari yetu huku babu wa huyo fahari amefungiwa stoo.

Mazishi ni Jumamosi, kwao Ganze. Darasa letu lote, popote mlipo, tuonane Ijumaa asubuhi kwenye lango la chuo. Msije na mabango. Njooni na heshima zenu na mvae nguo za msiba. Wazee wa kwao watakuwepo, maana si kila mkono unaruhusiwa kukishika kigango. Baba ametoa pikapu ya duka na godoro jipya la kumlazia mzee, wala hakuniuliza maswali.

Wakimtoa, tutampeleka nyumbani awahi kumpokea mjukuu wake. Wakimnyima, tutakwenda kumzika Kadzo, tutalia tushibe, na Jumatatu tutarudi langoni. Kamati ikitaka kukaa, ikae. Sisi pia tunajua kukaa.

Kadzo, shoga yangu, nimekukasirikia. Tulisema tutampeleka pamoja, wewe mbele na mimi kwenye usukani, ukinikosoa njia nzima. Nani atanikosoa sasa? Nakupenda na nimekukasirikia, na sijui nianze na lipi.

Lala, mwanangu. Umechoka, umefanya vya kutosha. Ufunguo wa gari ninao mimi.