Begi Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wetu, hapa Bredäng, nchi ya Waswidi, palikuwa na begi la mke wangu. Lilikaa pale tangu wiki tuliyohamia, na ndani mlikuwa na blanketi, vyeti vyetu vyote, chumvi, kibiriti, na nguo za mtoto ambazo mtoto mwenyewe hazikumtosha tena. Mara moja kwa mwaka alilifungua, akabadilisha kibiriti, akalifunga tena. Mimi sikuwahi kuligusa. Mke wangu alitoka Burundi kwa miguu akiwa na miaka kumi na miwili, na mtu wa namna hiyo humwulizi kwa nini anaweka begi mlangoni.

Mimi ni mtu wa Kigoma, na kwetu mgambo ni jambo la kawaida. Nilipokuwa kijana nilipitia mafunzo hayo kwenye uwanja wa mpira. Bunduki hazikuwepo, kila mmoja alikuja na fimbo yake. Yangu ilikuwa imepinda, na mkufunzi alisema adui akiiona atakufa kwa kucheka. Kofia zilikuwa chache, tukizivaa kwa zamu, na hadi leo nakumbuka jasho la jirani yangu kwenye paji la uso wangu.

Kwa hiyo binti yetu alipotuambia mezani kwamba ametia saini kujiunga na mgambo wa hapa, nilicheka kwa furaha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amemaliza mafunzo ya jeshi, na sasa angekuwa raia kama raia wengine, ila akiitwa anakwenda. Nikamwuliza kama na wao huvaa kofia kwa zamu. Kumbe mke wangu alikuwa ameshainuka, anaosha sahani ambazo tulikuwa bado hatujamaliza kuzilia.

Shida haikuwa saini. Shida ilikuwa vifaa. Bunduki hubaki ghalani kwao, lakini vingine vyote kila mtu hukaa navyo nyumbani: nguo, viatu, mkoba, kofia ya chuma, mfuko wa kulalia. Ndiyo desturi yao, ili mtu akiitwa asianze kupanga foleni mahali. Binti alirudi na begi kubwa la kijani, karibu limzidi kimo. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Manguo ya masoda hayalale mu nyumba yangu," alisema; masoda kwao ni wanajeshi.

"Men mamma," binti alianza, yaani "lakini mama", kisha akaendelea kwa Kiswidi, kama anavyotujibu siku zote. Alieleza vizuri, kwa upole, kwamba kazi yao ni kulinda watu, kutafuta waliopotea, kuzima moto wa msitu. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema waliokuja kwao nao walivaa nguo kama hizo, na baadhi yao walikuwa majirani. Binti alilitua begi. Hakuwa amewahi kuambiwa hilo la majirani.

Hapo ndipo nilipojifanya mwerevu. Nikabeba begi hadi kwenye stoo yetu chini ya jengo, kile chumba cha mbao ambamo kila familia hutunza baiskeli na matairi ya majira ya baridi. Nikaweka kufuli jipya, ufunguo wake mmoja tu nikautia pamoja na funguo zangu za kazini. Mke hakuona nguo, binti alikuwa na vifaa vyake jengo lilelile. Nilijisifu wiki nzima.

"Na ukiwa kazini, baba?" binti aliniuliza.

"Nani atawaita nyinyi Jumanne asubuhi?" nilimjibu.

Waliitwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa Tumba, kwenye jiko la shule ninakopika, viazi viko kwenye maji, simu ikaita, ni binti. Bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alikuwa ametoka nyumbani kwake Sundbyberg na malapa miguuni, na nje kulikuwa na umande ulioganda. Wenzake wa mgambo walikuwa wanakusanyika kuingia msituni. Binti alikuwa na muda hadi saa tano kujiunga nao.

"Baba, ufunguo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

Nilimwachia mwenzangu viazi, nikakimbilia treni. Nilishuka katikati ya mji, nikapanda metro ya mstari mwekundu, na njia nzima niliushika ule ufunguo mkononi. Nilipiga simu nyumbani, hakuna aliyepokea. Nilijichukia, kusema kweli. Nilikuwa nimemficha binti yangu ndani ya stoo pamoja na matairi, ili mimi nipate amani mezani, na sasa kuna bibi wa watu anaganda kwa ajili ya amani yangu.

Nilipofika, nilishuka kwanza chini. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kufuli langu lilikuwa limefungwa vilevile, zima kabisa, ila lilikuwa linaning'inia kwenye komeo lililong'olewa pamoja na kipande cha mbao. Kando yake, umeegemezwa ukutani, ulikuwa mchi wa mke wangu, ule anaotwangia sombe, yaani kisamvu. Begi la kijani halikuwepo.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Binti alikuwa amesimama ukumbini katika nguo zake zote, na mama yake alikuwa amepiga magoti akimfunga kamba za viatu. Alikuwa anahema. Nguo ile aliyosema isilale kwake ilikuwa imemgusa shavu, na hakujitoa.

"Soksi umevaa ngapi?" alimwuliza.

"Två."

"Mbili hazitoshe. Ongeza."

Nikasimama pale na ufunguo wangu kama mjinga. Mke wangu hakuniangalia.

"Nilimwuliza nani amepotea, akaniambia ni bibi," alisema, bado ameinama kwenye viatu. "Mimi nililala mu msitu masiku tatu. Kila nikisikia mtu nilijificha, lakini mu roho nilikuwa naomba hata mmoja awe amekuja kunitafuta mimi. Hakuna aliyekuja." Akakaza fundo. "Sasa huyu wangu anaenda kutafuta mtu, nimzuie kwa kufuli ya baba yake?"

Halafu akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akafungua begi lake mbele yetu. Alitoa blanketi. Lilikuwa la kijivu, limekunjwa miaka hiyo yote kwenye mikunjo ileile. Akalisukuma ndani ya mkoba wa binti.

"Mupatiye bibi," alisema. "Mwambie ni la kwake."

Binti alimkumbatia mama yake kwa nguvu. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Kisha binti akashuka ngazi mbio, na tukamtazama kutoka dirishani hadi alipoingia kituoni.

Walimkuta bibi mchana, amekaa chini ya mti, yu hai, anaulizia chai. Binti mwenyewe ndiye aliyemfunika. Aliporudi jioni, matope hadi magotini, alianza kuomba radhi kwamba blanketi lilikwenda na gari la wagonjwa na hakupata nafasi ya kulidai. "Uliache," mama yake alisema, akachukua viatu kutoka mikononi mwake na kuvijaza magazeti.

Jumamosi nilishuka stoo na bisibisi kutengeneza komeo. Juu ya matairi palikuwa na begi la mke wangu. Alilibeba mwenyewe, hakuniambia, na sijui alilishusha saa ngapi. Nililinyanyua kidogo, mara yangu ya kwanza, nikaona ni jepesi kuliko nilivyodhani, nikalirudisha. Vyeti alikuwa ameshavitoa na kuvipanga kwenye droo ya sebuleni.

Juu, nyuma ya mlango, limesimama lile la kijani. Komeo nilitengeneza. Kufuli sikulirudisha.